Mishipa ina "hitilafu"? Utamkimbiza mgonjwa

Nesi mmoja wa Kampala ameniuliza hivi: "Mwalimu, tuna mgonjwa Mkongomani, ajali ya boda, mfupa wa muundi uko wazi. Daktari anataka atoe nyama pajani aiweke pale. Akaeleza kwamba mishipa hupita tofauti kwa kila mtu, mimi nikamtafsiria kwamba mishipa ya paja lake ina hitilafu, akakataa kusaini. Tatizo ni neno?"

Ndiyo musawo, ni neno, ingawa kamusi itakutetea. Hitilafu imetoka kwenye Kiarabu na maana yake ya asili ni kutofautiana tu. Lakini siku hizi mtu akisikia hitilafu anawaza umeme umekatika, kitu kimeharibika, sasa umwambie mishipa yake ina hitilafu halafu umpe kalamu, nani atasaini? Kasoro ndo usiiguse kabisa. Sema "mishipa ya kila mtu inapita kivyake, yako imepita hivi, sio ugonjwa". Na ni kweli, pale pajani vimishipa vinavyolisha ngozi kwa watu wengi vinatoboa ndani ya msuli, kwa wengine vinapenya kati ya msuli na msuli, ndo maana daktari anachora mstari toka mfupa wa nyonga mpaka ubavu wa nje wa goti, anatafuta maeneo ya katikati na kusikiliza na dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita mshipani, kabla hajashika kisu.

Halafu usiseme mshipa ukaishia hapo. Kuna wa damu, kuna wa fahamu, na kwa wazee wa pwani mshipa ni ngiri! Malizia kila mara: mshipa wa damu.

Kingine, naona wodini mnaandika "kupandikiza ngozi". Hiyo ni ya ngozi tupu, inabanduliwa bila mshipa wake, inategemea damu ya pale inapowekwa, na juu ya mfupa mtupu haishiki. Hii yenu ni mche uliong'olewa na udongo wake, nyama inahama na mshipa wake wa damu, na kwa vile paja na muundi viko mbali mshipa unakatwa na kuungwa upya na wa huku chini, kazi ya hadubini hiyo. Nyinyi kwa nyinyi iiteni flapu, haina shida. Kwa mgonjwa sema "kuhamisha nyama na mshipa wake wa damu", refu lakini linaeleweka mpaka Goma. Na kama neno nyama linamtisha, maana wengine wanasikia buchani, basi sema "kipande cha mwili wako mwenyewe".