Faili ni langu, mbona kompyuta inanikatalia?

Habari za kazi. Kompyuta yangu ya zamani imekufa. Nimetoa diski yake nikaichomeka kwenye mpya, lakini folda ya picha haifunguki. Windows inasema sina ruhusa. Picha ni zangu mwenyewe!

Pole sana. Picha ni zako, ila kompyuta mpya haikutambui. Mmiliki wa faili kwenye Windows hatambuliwi kwa jina. Anatambuliwa kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ile yako ilitolewa na kompyuta iliyokufa. Hata ukifungua akaunti yenye jina lile lile na nywila ile ile, namba itakuwa nyingine.

Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Security, kisha Advanced. Penye Owner bonyeza Change, uandike jina la akaunti yako. Kabla ya kukubali, weka alama kwenye "Replace owner on subcontainers and objects". Usipoiweka utamiliki folda peke yake, na picha zilizomo zibaki kwa mwenyewe wa zamani. Ukimaliza, funga dirisha, urudi Security na kuipa akaunti yako Full control, kwa sababu kumiliki faili hakukupi moja kwa moja ruhusa ya kulisoma. Wengi huishia hatua ya kwanza wakadhani imeshindikana.

Fanya hivyo kwa folda ya picha tu. Folda ya Windows na Program Files usiziguse kabisa.

Tahadhari moja: kama picha zilisimbwa (zimefungwa kwa ufunguo wa siri) na Windows yenyewe (utaona alama ya kufuli juu yake), kubadilisha mmiliki hakutazifungua. Ufunguo wake umo kwenye akaunti ya zamani, basi nakuomba usiifute diski hiyo.

Swali lingine: mimi natumia Linux. Programu moja ilikuwa inagoma kuhifadhi, rafiki akaniambia niandike chmod -R 777, amri ya kubadilisha ruhusa, kwenye folda yangu yote ya nyumbani. Ikakubali, lakini sasa SSH, ninayoitumia kuingia kompyuta nyingine kwa mbali, inaukataa ufunguo wangu.

SSH iko sahihi. Tarakimu ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ya kundi, ya tatu ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha 1; ukizijumlisha zote unapata 7. Kwa hiyo 777 inampa kila anayetumia kompyuta hiyo, na kila programu inayoendeshwa humo, ruhusa zote, mpaka za ufunguo wako wa siri. Ushauri huu unasambazwa mno na unanisikitisha, maana unaondoa ujumbe wa kosa kwa kuondoa ulinzi wenyewe.

Rekebisha hivi, folda kwanza:

find ~ -type d -exec chmod 700 {} +
find ~ -type f -exec chmod 600 {} +

SSH itakubali. Hati za amri ulizoziandika mwenyewe zitagoma kuendeshwa; zirudishie moja moja kwa chmod u+x.

Halafu tafuta chanzo. Andika ls -l uone jina la mmiliki. Nikikuta root (msimamizi mkuu wa kompyuta) ndani ya folda ya nyumbani, kwa kawaida ni kwamba mtu aliwahi kufungua programu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, ikaacha mafaili yasiyo yake. Dawa ni kubadilisha mmiliki: sudo chown ikifuatiwa na jina lako na jina la faili.

Mbona chmod haifanyi kitu kwenye flashi?

Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, mipangilio ya kuhifadhi mafaili ambayo haina mahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa. Linux huamua ruhusa za flashi nzima wakati wa kuipachika (mount), yaani inapoiunganisha ili itumike.

Nina faili halifutiki, Windows inasema limefunguliwa na programu nyingine. Nibadilishe mmiliki?

Hapana, hilo si suala la ruhusa. Funga programu inayolitumia. Ikishindikana, washa kompyuta upya na ulifute kabla hujafungua chochote.