Kabla ya kuuliza mshahara

Wadogo zangu mnaoanza chuo Dar, kazi mtafanya tu, tusidanganyane. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia linakuta madeni ya chakula yanalisubiri, na aliyekosa mkopo hata hilo hana. Ila kabla ya kuuliza mshahara, uliza siku usipokuja nani atakushikia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alama 40 zinatoka kwenye kosiweki, yaani testi na kazi za katikati ya semesta, 60 kwenye mtihani wa mwisho wa semesta. Wengi wanaofanya kazi wanaogopa hizo 60, kumbe zinazoliwa na kazi ni zile 40. Ratiba ya mtihani mkuu unaiona mapema, ruhusa unaomba. Testi je? CR, mwakilishi wa darasa, anatupia ujumbe kwenye grupu saa nne usiku: testi imesogezwa, ni kesho saa moja asubuhi. Kama zamu ya asubuhi ni yako peke yako, anza kuzoea neno sapu, yaani kurudia mtihani.

Mimi nilikaa kibanda cha wakala wa pesa, karibu na kituo cha daladala. Kwa nje inaonekana kazi ya kukaa tu, mtu unajisomea. Thubutu! Desa (notsi za kusomea) liko mezani, umesoma aya moja, mteja anataka kutoa, wa nyuma yake anataka kuweka, floti, salio la kufanyia miamala, imekata, na noti unazirudia kuhesabu kwa sababu jioni hesabu ikipungua unakatwa wewe. Lakini tulikuwa wawili, zamu tunabadilishana kwa simu moja, na hilo lilinifaa kuliko mshahara wenyewe. Baa na ulinzi wa usiku vinalipa zaidi, sikatai. Lekcha ya asubuhi utaihudhuria umelala.

Kazi za kikundi nazo: usifanye mchango wako uwe hela ya kuprinti. Wenzako watapokea, jina watakuandika, halafu siku ya kuwasilisha mhadhiri anamwita mbele yuleyule asiyejua kilichoandikwa (sijui huwa wanatujuaje). Omba sehemu unayoweza kuiandika usiku, uitume kabla ya wote.

Semesta ya kwanza, kama nyumbani wanaweza kukushika mkono, usianze kazi kabisa.

Na bosi mwambie mapema habari ya fildi, yale mafunzo kwa vitendo. Ni wiki kadhaa mfululizo, haifanywi nusu siku. Akinuna ukimwambia mwezi wa kumi na moja, mwezi wa saba hakupi ruhusa, kwa hiyo tafuta kwingine ungali na muda.