Ukoka wako na ziwa letu la chumvi

Nimekulia Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na baba amefanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi tangu mimi sijaanza shule. Anayejua kule anajua shughuli yenyewe. Maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, jua na upepo vikafanya kazi yao, kisha yakahamishiwa la pili, la tatu, kila hatua yakizidi kuwa mazito. Ukifika mabwawa ya mwisho maji yamegeuka rangi, mekundu mekundu kama yaliyooshewa nyama, na kingoni pameanza kuganda weupe. Hakuna mtu aliyetia chumvi hata kijiko. Maji yameondoka, chumvi imebaki.

Basi mwaka wangu wa kwanza hapa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, jamaa wa kazini walinipeleka upande wa kaskazini wa Great Salt Lake, ziwa la chumvi lililoupa mji jina, nione mzunguko wa mawe unaojisokota kama konokono, Spiral Jetty, alioujenga msanii Robert Smithson mwaka 1970. Wenzangu walipiga picha za mawe. Mimi nilikuwa naangalia maji, ya waridi kabisa, na ufuo mweupe unaolia chini ya viatu. Nikampigia baba simu ya video. Akatazama kimya, akauliza: "Hilo bwawa ni la kampuni gani?"

Naandika haya kwa sababu kila tukikutana, iwe harusi iwe matanga, Waswahili wenzangu wa hapa wananiuliza swali lile lile: hivi chumvi ya ziwa ikizidi, hawawezi kuitoa? Na kwa kuwa nimefanya kazi ya kutunza bustani za watu bonde hili kwa miaka, na sasa nina nyumba na bili ya maji yangu mwenyewe, nina la kusema.

Kuitoa, hapana. Kampuni za madini zinachukua kiasi ziwani miaka yote, na ziwa halishtuki. Hili ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mito mitatu mikubwa inaingia, Bear, Weber na Jordan, na njia pekee ya maji kutoka ni kupanda hewani. Mito huleta chumvi kidogo kidogo tangu enzi na enzi, lakini si hiyo iliyotufikisha hapa. Tatizo ni maji yanayokatwa njiani kabla hayajafika. Wataalamu walikwisha kadiria kwamba matumizi yetu binadamu yameshusha ziwa zaidi ya mita 3 kuliko ambavyo lingekuwa. Yaani tumejenga mabwawa ya Gongoni bila kukusudia, na hatuna hata gunia la kuuza.

Novemba 2022 ndipo lilipofika chini kuliko wakati wowote tangu lianze kupimwa, karibu mita 7 chini ya kilele cha miaka ya 1986 na 1987. Katika miaka hiyo ya kushuka mashua zilitolewa majini kwa kreni kwa kuwa gati lilikuwa linabaki tope. Chumvi upande wa kusini ilikaribia asilimia 19. Bahari yetu ya Hindi haifiki hata 4. Nilikwenda kisiwa cha Antelope na watoto msimu ule. Zamani ukitembea ufuoni unapita katikati ya nzi wadogo weusi, zulia zima linafunguka mbele yako na kujifunga nyuma. Safari hiyo walikuwa wachache mno. Uduvi wa ziwani nao, viumbe wadogo ukiwateka kiganjani unawaona wanaogelea mgongo chini, huanza kushindwa chumvi ikifika kiwango hicho. Na nzi na uduvi hao ndio chakula cha mamilioni ya ndege wanaotua hapa wakiwa safarini. (Hata heroe mmoja wa Chile alitoroka bustani ya ndege mjini miaka ya 1980 akawa anaonekana ziwani humo majira ya baridi kwa miaka. Heroe wetu wa Bogoria angeelewa.)

Kwa nini kaskazini ni waridi na kusini siyo? Reli. Mwaka 1959 walimaliza tuta la mawe la kupitisha reli, linalokata ziwa vipande viwili, na mito yote mitatu inaingia upande wa kusini. Kaskazini hakuna mto wa maana, kwa hiyo kukawa bwawa la mwisho. Mwishoni mwa 2016 tuta lilifunguliwa mlango mpya chini ya daraja, na hapo maji mazito ya kaskazini yakawa yanarudi kusini kwa chini, huku mepesi yakienda kaskazini kwa juu. Ziwa liliposhuka sana, serikali ya jimbo ilijaza mawe mlangoni kuinua kizingiti, mara ya kwanza kiangazi cha 2022 na tena Februari 2023, ili maji ya theluji yakae kusini na chumvi ya kaskazini isirudi. Ikafanya kazi, na bahati nayo ikaja: theluji ya majira yale ilivunja rekodi, chumvi ya kusini ikashuka vizuri, nzi na uduvi wakarudi. Ila kaskazini kulinyimwa. Baba nilipomweleza alielewa papo hapo, kwani hata yeye maisha yake yote ni kufungua na kufunga milango ya mabwawa. Mlango unachagua tu nani apate maji yaliyopo. Kufikia kiangazi cha 2025 ziwa lilikuwa limeshuka tena.

Sasa nyumbani kwako.

Jambo la kwanza litakushangaza: acha kuwagombeza watoto kwa kuoga muda mrefu. Maji ya bafuni na jikoni yanaingia mfereji wa majitaka, yanasafishwa, na mengi yanarudi mtoni kisha ziwani. Maji yanayopotea ni ya nje. Ukoka unayanywa na kuyapumua, jua linamaliza yaliyobaki. Na zaidi ya nusu ya maji ya majumbani hapa Utah yanakwenda nje. Kwa hiyo nguvu zako zipeleke uani.

Nenda gerejini ufungue kile kisanduku cha saa ya vinyunyizio. Nilipohamia sikukigusa, niliogopa kukiharibu. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amekitega kumwagilia kila siku alfajiri, dakika ishirini, mvua ije isije. Bili ya Julai ndiyo iliyoniamsha. Mimi niliyekuwa nazima vinyunyizio vya watu mchana, kwangu vinamwaga maji hadi barabarani!

Kabla hujapunguza, pima. Chukua makopo matupu ya tuna, kama kumi na mawili, yatawanye ukokani, washa maji dakika kumi, kisha pima kila kopo kwa rula. Utakuta kopo moja limejaa na la pembeni limelowa tu. Watu wakiona pale pakavu pana rangi ya kahawia huongeza dakika kwa ua zima, kumbe ni kinyunyizio kimoja kimeinama au kimeziba. Kinyooshe, kisafishe, mengine yataonekana. Udongo wa bonde hili mwingi ni mfinyanzi, haunywi haraka. Badala ya dakika ishirini mfululizo, tega tano, pumzisha saa nzima, tega tano tena. Na kama hujui ni lini umwagilie, chomeka bisibisi ndefu ardhini. Ikizama bila kusukumwa sana, maji bado yapo, rudi ndani ukalale.

Ukoka ukigeuka kahawia mwezi wa nane, haujafa. Umelala. Wengi wetu tunamwagilia kwa kuogopa majirani watasema wageni wamehamia mtaa umechakaa. Naijua hofu hiyo, nimeishi nayo miaka miwili. Hakuna aliyekuja kugonga mlango.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ng'oa. Anza na kile kiukanda cha ukoka kati ya njia ya waendao kwa miguu na barabara, ambacho hakuna mtoto anayekichezea na nusu ya maji yake yanaangukia lami. Mamlaka nyingi za maji hapa bondeni zinalipa kwa kila futi ya mraba unayoiondoa. Lakini nisikilize vizuri: omba kabla ya kushika jembe. Mimi niling'oa Jumamosi mbili mfululizo, kwa mikono yangu, mgongo ukaniuma wiki, ndipo nikajaza fomu. Nikajibiwa kwamba ukoka unatakiwa uonekane uko hai siku ya maombi. Sikupata hata senti, na kosa ni langu, masharti yalikuwa yameandikwa.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilitandika nailoni, nikamwaga mawe uani kote, nikazima maji, nikajiona mjanja. Kiangazi hicho mawe yalipika nyumba kama tanuri. Jirani yangu, mama mmoja Mkongo, alisimama langoni akaniuliza, "Papa Zuhura, ulipanda mawe, utavuna nini?" Na mti mkubwa wa kivuli uliokuwa ukiishi kwa maji ya ule ukoka ukaanza kukauka kutoka juu. Niliwahi kuuokoa nusu. Kwa hiyo ukiondoa ukoka, mti uachie mpira wake wa matone, uuzungushe mbali na shina, pale matawi yanapoishia, na uumwagilie kwa nadra ila kwa kina. Panda mimea ya hapa hapa inayovumilia ukame, usitandike nailoni, na mawe yawe machache. Kamati ya wenye nyumba ikikuambia lazima upande ukoka, waulize kwa upole kama wamesoma sheria ya jimbo ya 2022, kwani haiwaruhusu tena kukataza bustani za maji machache.

Najua utasema: ua wangu na wako ni tone, wakulima ndio wanaochukua maji mengi. Ni kweli. Sehemu kubwa inakwenda mashambani, hasa kwenye alfalfa ya kulisha ng'ombe. Lakini usiwaone maadui. Sheria ya maji ya huku ilikuwa inamwambia mkulima: usipotumia haki yako ya maji, unaweza kuipoteza. Nani angeacha? Mwaka 2022 ikabadilishwa, sasa mkulima anaweza kukodisha maji yake yaende ziwani na haki ikabaki yake. Anayetaka ziwa lijae kweli afuatilie hapo, ni wangapi wamekodisha na nani anapima kama maji yamefika. Bunge la jimbo hukaa siku 45 tu kuanzia Januari, na si lazima uwe raia kusimama kwenye kikao cha kamati ukaongea dakika zako mbili. Nimefanya hivyo mara moja. Nilitetemeka, nikawaambia habari za mabwawa ya Gongoni, mmoja akauliza Gongoni iko wapi.

Na vumbi, kwa wenye watoto wenye pumu: sehemu za ziwa zilizokauka ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000 ukizihesabu zote, na ndani ya vumbi hilo kuna aseniki, ambayo ni sumu. Siku ya upepo mkali funga madirisha.

Msimu wa kumwagilia ukianza, msiwashe mapema. Wengi huwasha Aprili kwa mazoea wakati ardhi bado ina theluji iliyoyeyuka. Ngojeni Mei, chomekeni bisibisi kwanza. Makopo yangu ya tuna yako gerejini kwenye ndoo ya bluu. Anayetaka kuazima aje, ila nirudishieni yote kumi na mawili.