Usifute nafasi tupu kwa rejeksi, tumia rstrip

Mkuu, huo mstari usiupeleke kwenye seva. Unauliza kama, katika Python, re.sub(r'\s+$', '', mstari) inafaa kuondoa nafasi tupu mwishoni mwa maandishi ya watumiaji. Hiyo ni rejeksi (regex), yaani kanuni ya kutafuta umbo ndani ya maandishi. Haifai! Andika mstari.rstrip(), basi.

Sisi tulikuwa na msimbo wa aina hiyohiyo. Ulipita majaribio yote kwa sababu tulijaribu kwa sentensi fupi. Siku mtu alipobandika maandishi yenye maelfu ya nafasi tupu katikati na herufi moja baada yake, prosesa ilijaa na seva ikaganda. Tukaisaka hitilafu kwenye hifadhidata, tukaisaka kwenye mtandao, kumbe ni alama nne tu: \s+$.

Maana yake ni nafasi tupu moja au zaidi, kisha mwisho wa maandishi. Angalia inavyofanya kazi. Injini ya rejeksi inaanzia nafasi ya kwanza, inazikusanya zote, kisha inauliza kama maandishi yameisha. Hayajaisha. Inarudi nyuma moja moja ikiuliza swali lilelile, inakosa, halafu inaanza upya kuanzia nafasi ya pili. Nafasi 20,000 zinazaa ukaguzi wapata milioni 200. rstrip inaanzia mwisho, inakuta herufi, inaacha hapohapo. Usidhani ni bahati mbaya yetu peke yetu: tarehe 20 Julai 2016 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu, ilizimika kwa dakika 34 kwa rejeksi ya kupunguza nafasi, ilipokutana na chapisho lenye nafasi zipatazo 20,000 mfululizo.

Aliyenikera hadi leo ni mwalimu wa zile video tulizojifunzia. Alisisitiza rejeksi kila mahali, eti ndiyo alama ya mtu anayeijua kazi. Kurudi nyuma kwa injini hakukutaja hata kidogo, na wanaoanza wanaendelea kumwamini.

Kama unaijua herufi kwa herufi ile unayoitafuta, tumia in, startswith, endswith, replace au split. Rejeksi ni ya kutafuta umbo, mfano tarakimu nne, kistari, tarakimu mbili. Hata hapo weka kwanza kikomo cha urefu wa maandishi. Ukitafuta ripoti.csv kwa rejeksi bila kuikinga nukta (kuiandika \.), ripotiXcsv nayo inakubaliwa, maana nukta pale ni herufi yoyote. endswith('.csv') haina mtego huo.

Usiniamini kwa maneno. Tengeneza ' ' * 20000 + 'x', ipitishe kwenye njia zote mbili, upime muda.