Uliza Tujibu: Ni mkono wako au ni meza?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa Tanga. Mwaka jana nilikaa Arusha miezi saba kikazi, pale mtaani kulikuwa na ukumbi wa pool una meza kubwa imevishwa kitambaa kipya, nikajifunza kupiga mase, ile unasimamisha fimbo unaupiga mpira mweupe kwa juu pembeni, unauzunguka mpira wa mbele kama bodaboda inakwepa shimo. Nikawa vizuri kabisa, kwenye kumi napata sita au saba. Nimerudi Tanga nikawaita washkaji baa niwaonyeshe, nimepiga zaidi ya mara ishirini haijakubali hata moja, mpira unakata mapema halafu unakufa. Sasa wananiambia hata wale mabingwa wa kwenye video ni meza tu inawabeba. Naomba ukweli, ni ufundi au ni vifaa? Mimi nilikuwa najua, au meza ya Arusha ndo ilikuwa inajua?

JIBU: Ndugu yangu, ulikuwa unajua na bado unajua, ila ulijua kwa meza moja. Ngoja nikueleze vizuri maana hili swali linanigusa, nimeona vijana wengi wenye mkono mzuri wanaacha kabisa kwa sababu ya meza mbovu.

Kuna Mfaransa anaitwa Gaspard-Gustave Coriolis, huyu huyu ambaye jina lake tunalikuta kwenye jiografia kwenye habari za upepo kupinda kwa sababu dunia inazunguka. Mwaka 1835 alitoa kitabu kizima cha hesabu za biliadi, mchezo wa jamii moja na pool, na humo kuna kitu ambacho kinajibu swali lako karibu lote. Unaposimamisha fimbo ya mase, chora mstari kwa akili kuanzia kwenye fimbo, upite ndani ya mpira hadi uguse kitambaa chini. Halafu angalia pale mpira ulipokalia meza. Kutoka pale ulipokalia kwenda kwenye ile alama ya chini, huo ndo mwelekeo ambao mpira utaufuata ukishamaliza kukunja, na huo mwelekeo wa mwisho haubadiliki hata kitambaa kiwe kipya au kikuukuu. Umeona? Mwelekeo ni wako, unatoka kwenye jicho na mkono wako. Kitambaa kinaamua kitu kingine, yani mpira utasafiri umbali gani kabla haujamaliza kukunja.

Na hapo ndo Arusha na Tanga zinapoachana. Msuguano ukiwa mdogo mpira unateleza mbali kwanza, kisha ndo unakunja kwa upana, na msuguano ukizidi unakunja pale pale karibu, na spini, yani ule mzunguko wa mpira wenyewe, inaisha njiani. Kwa pigo lile lile, kitambaa chenye msuguano mara mbili kinakupa mkunjo wenye nusu ya umbali. Kwahiyo mpira wako wa Tanga "unakata mapema halafu unakufa", umeandika mwenyewe, hukukosea pigo, ulipiga pigo la Arusha juu ya kitambaa cha Tanga.

Halafu Tanga kuna bahari. Vitambaa vya meza nyingi za baa vina manyoya, na manyoya yakinywa unyevu wa hewa yanashika mpira. Mimi nilikuwa nacheza kwenye meza moja iko barazani mita chache kutoka ufukweni, mchana wa jua inakwenda vizuri tu, ikinyesha mvua jioni ile meza inakuwa nyingine kabisa, shoti ya kurudisha mpira mweupe nyuma ambayo saa nane ilikuwa inarudi nusu meza, usiku inarudi kiganja kimoja. Nilikuwa naumia sana kwa sababu nilidhani mkono umeharibika. Wazungu wa biliadi isiyo na mashimo walishalijua hili zamani, ndo maana meza zao za mashindano jiwe la chini linapashwa moto, nyuzi 5 hivi zaidi ya joto la chumba, ili kitambaa kikae kikavu muda wote. Na kitambaa chenyewe ni cha sufu iliyosukwa laini bila manyoya.

Kuna na jambo la mpira mweupe ambalo watu hawalisemi. Meza nyingi za tokeni zinautambua mpira mweupe kwa sababu una tofauti na mingine, ama ukubwa ama uzito ama una sumaku, ndo maana ukitumbukia unarudishwa wakati mingine inabaki ndani. Ukiwa mzito kuliko mingine hauna tabia ya kusimama ukigonga, unasukuma mbele, na kuurudisha nyuma inakuwa kazi kubwa. Ukiwa mwepesi unarudi kirahisi ila kuufanya usonge mbele baada ya kugonga ndo shida. Kwahiyo kabla hujajilaumu, uangalie huo mpira umekaaje ukiulinganisha na mwenzake.

Sasa washkaji zako. Wanasema meza inawabeba mabingwa, na hapa siwakubalii hata kidogo. Kuna mchezo unaitwa biliadi ya kisanii, unachezwa zaidi Ulaya, nchi kama Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Hispania, meza haina mashimo, ina upana wa mita 1.42 na urefu wa mita 2.84, mipira ni mitatu tu. Ratiba yake inayojulikana sana ina shoti 76 zilizopangwa, kila moja ina pointi zake kuanzia 4 kwa zile rahisi hadi 11 kwa zile za kutisha, ukipata zote unakuwa na 500. Mipira inapangwa sehemu ile ile kwa kila mchezaji, kuna sehemu wanakubali kupishana milimita 2 tu, na kila shoti unapewa nafasi tatu, zikiisha umekosa. Meza moja kwa wote, joto moja, mipira ile ile. Machi 2006 huko Deurne, Mbelgiji Walter Bax aliweka rekodi ya pointi 427. Fikiria hiyo namba vizuri. Mtu bora kabisa, juu ya meza bora kabisa iliyopashwa moto, na bado pointi 73 zilimshinda. Kama meza ndo inapiga, hizo 73 zilikwenda wapi? Na mtu wa kawaida ukimuweka kwenye ile meza sidhani kama anapata hata zile za pointi 4 kwa nafasi tatu.

Ila na mimi nisiwe muongo kwa upande mwingine. Mchukue bingwa huyo huyo umlete kwenye ile meza ya barazani mvua ikiwa inanyesha, kuna shoti atakataa kuzijaribu na atakuwa sahihi, kwa sababu kuna shoti zinahitaji mpira uzunguke kona tatu nne ukiwa bado na spini, na kwenye kitambaa kilicholowa hiyo spini haipo tena ukifika kona ya pili. Hapo hakuna ufundi wa kuokoa. Kwangu mimi kifaa kinaweka ukuta, kinasema mwisho ni hapa, halafu ndani ya huo ukuta kazi yote ni ya mchezaji, na sehemu kubwa ya hiyo kazi ni kuisoma meza haraka kabla wengine hawajaisoma.

Kwahiyo rudi baa ukafanye hivi. Usianze na mase. Sukuma mpira mmoja taratibu sana uambae na ukingo wa meza uone kama unavutwa upande, ukivutwa meza imelala upande, ziache shoti zote za polepole. Kisha piga ya kurudisha nyuma, mpira wa mbele ukiwa karibu, halafu mbali kidogo, halafu mbali zaidi, hadi uone umbali ambao spini inafia. Ukishaujua huo umbali, panga mase yako mipira ikae karibu zaidi kuliko Arusha. Na kama ni lazima ikae pale pale, ongeza kasi, kwa sababu umbali wa mkunjo unakua haraka kuliko kasi yenyewe, kasi ikiongezeka mara 1.4 tu mkunjo unafika karibu mara mbili, mradi fimbo umeisimamisha vile vile. Wengi wanakosea hapo, wakiona mpira unakufa wanabadilisha na mlalo wa fimbo, sasa mwelekeo nao unaharibika na wanabaki hawajui kosa liko wapi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Na muombe mwenye meza ruhusa, mase ikiteleza inachana kitambaa na kitambaa ni pesa ya mtu.

SWALI: Naangalia video mtu anapiga mara moja mipira sita inaingia mashimo sita. Hiyo nayo tuite ufundi? Si amepanga tu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Amepanga, ndio, na kupanga ni ufundi ila ni ufundi tofauti, usiupime kwa mzani mmoja na ule wa mase. Shoti za namna hiyo mipira inakaa imegusana, na ikigusana unajua kila mmoja utakwenda wapi kwa kuangalia mstari unaounganisha vitovu vya mipira miwili iliyogusana. Mwenye pigo la kawaida tu anaweza kuipiga. Ugumu uko kabla ya pigo, mipira ikiachana unene wa karatasi tu imeharibika, kwahiyo wanaoipanga wanaigonga kidogo kwa juu itengeneze vishimo kwenye kitambaa na ikae bila kusogea. Halafu kuna usafi. Mipira michafu inashikana inapogongana, ule unaogongwa unavutwa pembeni ya mstari wake, iliyopigwa polishi inaachiana vizuri. Shoti ile ile, mpangilio ule ule, ukibadilisha mipira misafi kwa michafu mmoja unaacha shimo. Hapa nakubali vifaa vina sauti kubwa kuliko kwenye mase.

Ila ukitaka kumjua mchezaji, angalia shoti yenye mipira miwili mitatu tu na fimbo, mfano zile za Mfaransa Florian Kohler wanayemuita Venom, mase zake mpira unakunja mpaka unarudi ulikotoka. Pale hakuna mpangilio wa kumsaidia. Na ukumbuke video inaonyesha iliyoingia, zile zilizokataa hatuzioni, kwahiyo usijipime na video, jipime na nafasi tatu kama wanavyofanya kwenye mashindano.

SWALI: Babu yangu alikuwa anasema meno ya tembo yaliyopita hapa kwetu Bagamoyo yalikwenda kutengenezwa mipira ya mchezo huu. Ni kweli?

JIBU: Babu alisema kweli. Karne ya 19 pembe zilizoletwa na misafara kutoka bara zilishukia Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na Unguja ndo lilikuwa soko kubwa la pembe, kutoka pale zilikwenda Ulaya, Marekani na India kwa kazi za vinanda, vitana, na hiyo mipira. Zilibebwa mabegani na watu, wapagazi wa kulipwa na wengine watumwa, naona uchungu kila nikiliandika hili. Na ukija kwenye mchezo, pembe ilikuwa kifaa kigumu kukiamini. Mpira ulitakiwa kuchongwa katikati ya jino hasa, kwahiyo jino moja linatoa mipira michache tu, na hewa ikibadilika pembe inanywea upande mmoja zaidi ya mwingine, mpira hauwi duara tena. Mchezaji wa zamani alikuwa anausoma mpira kwanza, meza baadaye. Mmarekani John Wesley Hyatt alianza kuipata dawa yake miaka ya 1860 mwishoni kwa seluloidi, plastiki ya zamani, na leo mipira mizuri ni ya resini ya fenoli, plastiki ngumu, mingi inatoka Ubelgiji, inalingana mmoja na mwingine kwa kiasi ambacho wale wazee wasingeamini.

SWALI: Shikamoo. Chaki ina kazi gani hasa? Kuna jamaa hapa Morogoro hapaki kabisa na anashinda.

JIBU: Marahaba. Anashinda kwa sababu anapiga katikati ya mpira, kule chaki haina kazi kubwa. Mwambie apige pembeni. Mpira wa pool wa kawaida una kipenyo cha milimita 57, na ukitoka katikati kama milimita 14 ndo mwisho, ukizidi hapo fimbo inateleza hata ungekuwa nani. Bila chaki inateleza mapema zaidi, na hakuna spini.

Ncha ya ngozi yenyewe tunamshukuru Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa miaka ya 1800, kabla yake walikuwa wanapiga na mti mtupu. Na chaki tunayoijua leo si chaki ya ubaoni, mwaka 1897 Mmarekani William Spinks, mchezaji wa kulipwa, pamoja na mkemia William Hoskins wa Chicago walipata hati ya ugunduzi wa mchanganyiko wa silika, yani madini ya mchangani, na unga mgumu kama ule wa msasa. Nalipenda hilo, maana alikuwa mchezaji mwenyewe aliyeshika chaki akaona hii inashika kuliko ile, akaenda kutafuta mtu wa maabara amwambie kwa nini.

Kwenye baa fimbo nyingi ncha yake imekuwa bapa na inang'aa kama kigae, chaki haikai pale. Chukua kipande cha msasa, isugue hadi iwe na mviringo kidogo na ngozi ionekane, ndo upake, kwa kuisambaza na sio kuizungusha kama unatoboa, na upake kila kabla ya shoti ya pembeni. Kama mwenye baa hataki fimbo zake zisuguliwe, nunua yako moja ya bei ya kawaida, ncha nzuri inakufaa kuliko fimbo yenye marembo.