Basi letu la gogo la mgomba

Dada, umeuliza tulichezea nini shambani kwa bibi, maana Desemba unawapeleka wanao kijijini na unaogopa watachoka bila simu.

Likizo zangu zote zilikuwa Marangu, Kilimanjaro, kwenye kihamba cha bibi, yaani shamba linalozunguka nyumba: migomba juu, mibuni chini yake, mfongo, ule mfereji wa maji, ukipita pembeni. Mkungu ukishakatwa, gogo la mgomba lilikuwa basi letu la Dar. Tunalikalia watano, kondakta analigonga: "Himo! Mwanga! Same! Korogwe!" Nauli ni majani ya mbuni, mabichi ndiyo noti, makavu chenji. Utomvu uliganda kwenye kaptula ukawa madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Bibi hakutugombeza hata siku moja. Alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anauliza, "Kuna siti?" Analipa jani lake, anashukia bandani. Hilo silisahau.

Masale tu, mimea iliyopandwa mpakani mwa shamba, hatukuyagusa. Kwa Wachaga hilo ni jani la kuombea msamaha.

Usiwapangie michezo, dada. Mwambie bibi yao awaachie gogo moja.