Mvua inabeba udongo wangu wote

SWALI: Shikamoo mtaalamu, nina shamba la mahindi na maharage huku Lushoto, mteremko kweli kweli, juzi mvua imepiga usiku mmoja tu asubuhi nakuta mbolea yote iko njiani kwa jirani. Nilichimba mtaro wa kushuka bondeni ndo kwanza umegeuka korongo!

JIBU: Marahaba. Huo mtaro ndo mchawi wako, umeyapa maji barabara ya lami. Mtaro unakata mteremko, usawa mmoja toka upande hadi upande, na usikadirie kwa macho, tengeneza fremu ya A, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba yenye jiwe ining'inie toka kileleni, kamba ikitulia kwenye alama ya katikati ya mti wa kukingama basi miguu iko levo. Chimba sentimita 60 upana na 60 kina, udongo tupa upande wa JUU, ndo ile njia ya "fanya juu" ya wenzetu wa Machakos, Kenya, misimu ikipita shamba linajijenga ngazi lenyewe. Kwenye tuta la udongo huo panda majani ya guatemala au matete, ng'ombe nao watakula. Korongo usilifukie, panga vizuizi vya mawe, katikati pawe chini kidogo kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kula kingo.